Fotoni Ikikawia Kutoka: Kinachoizuia Leza Kupoza Atomu Hadi Mwisho

Atomu moja ya rubidiamu ikiwa peke yake ndani ya ombwe, leza huipoza vizuri, na hesabu za vitabuni hukaribiana sana na vipimo vya maabara. Ziweke atomu bilioni moja mahali hapohapo, kwa leza ileile, mambo yanaharibika. Wingu linavimba badala ya kusongamana, halijoto inapanda, na ukiongeza nguvu ya leza unazidisha tatizo. Atomu ni zilezile na leza ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayotemwa na atomu moja haipati njia ya kutoka bila kukutana na atomu nyingine.

Kisa chote cha upozaji kwa leza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinaweza kusimuliwa kama mapambano na hiyo fotoni iliyokwisha kufanya kazi yake lakini haijaondoka.

Kikumbo kimoja kimoja

Mwanga una momenta, yaani uwezo wa kusukuma unachokigonga. Atomu ikimeza fotoni inapigwa kikumbo kuelekea kule mwanga unakokwenda. Kwa rubidiamu-87 inayomulikwa na leza ya nanomita 780, kikumbo kimoja hubadilisha kasi ya atomu kwa milimita 5.9 kwa sekunde. Ni kidogo mno ukikumbuka kwamba katika halijoto ya chumbani atomu hizo hukimbia kwa kasi ya karibu mita 300 kwa sekunde. Kuisimamisha moja kunahitaji vikumbo kama 51,000.

Kinachookoa hali ni wepesi wa atomu kurudia zoezi. Baada ya kumeza fotoni, atomu hukaa katika hali ya msisimko kwa wastani wa nanosekunde 26 tu, kisha huitema na kuwa tayari kumeza nyingine. Leza ikiwa na nguvu ya kutosha, atomu humeza hadi fotoni milioni 19 kwa sekunde. Hapo breki inakuwa kali kuliko ya gari lolote: zaidi ya mara 11,000 ya mvutano wa dunia. Atomu ya mita 300 kwa sekunde husimama ndani ya sentimita 40, kwa muda usiozidi milisekunde 3.

Ili breki ikamate atomu zinazokimbia na kuziachilia zilizotulia, masafa ya leza (idadi ya mitetemo ya mwanga wake kwa sekunde) huwekwa chini kidogo ya masafa ambayo atomu huyapenda. Atomu inayokwenda kinyume na mwali huyaona masafa yamepanda, kama mlio wa honi ya basi linalokujia, kwa hiyo humeza fotoni za mwali ule unaoikabili kuliko za ule unaoifuata nyuma. Weka miali sita, jozi moja kwa kila mhimili, na atomu inajikuta inasukumwa kinyume kila inakogeukia. Mwaka 1985 kundi la Steven Chu katika maabara ya Bell Labs lilifanya hivyo kwa sodiamu, na hali hiyo ikapewa jina la molasi, ile sharubati nzito inayobaki kiwandani sukari ikishakamuliwa kwenye miwa. Aliyewahi kuchovya kijiti kwenye pipa la molasi anaelewa jina lilikotoka.

Tatizo la kwanza liko kwenye kutema. Fotoni humezwa kutoka upande unaojulikana, lakini hutemwa upande wowote. Kwa wastani vikumbo vya kutema hufutana, ila wastani hausemi yote: mlevi anayepiga hatua 10,000 bila mwelekeo hujikuta kama hatua 100 kutoka alikoanzia, wala harudi palepale. Atomu nayo huchezeshwa hivyo, na kuchezeshwa huko ndiko joto. Breki inapoza, vikumbo vya nasibu vinapasha, na pale vinapolingana ndipo kikomo cha Doppler (hilo ndilo jina la athari ile ya honi). Kwa rubidiamu ni maikrokelvini 146, yaani sehemu 146 katika milioni za digrii moja juu ya sifuri halisi.

Kikomo hicho kilivunjwa mwaka 1988. Kundi la William Phillips huko Gaithersburg, Marekani, lilipima sodiamu na kukuta maikrokelvini 40, wakati kikomo cha Doppler cha sodiamu ni 240. Maelezo yalikuja mwaka uliofuata kutoka kwa Jean Dalibard na Claude Cohen-Tannoudji wa Paris (huyu wa pili ni mzaliwa wa Constantine, Algeria), na pia kutoka kwa kundi la Chu: atomu ina ngazi kadhaa za chini za nishati, na miali inayokutana huzijengea ngazi hizo vilima na mabonde. Atomu hupanda kilima ikipoteza mwendo, na ikifika juu mwanga huihamishia kwenye bonde la ngazi nyingine ianze kupanda upya. Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Kwa njia hiyo rubidiamu hufika maikrokelvini chache. Chini yake kuna kizingiti kingine, ukubwa wa kikumbo kimoja chenyewe, ambacho kwa rubidiamu ni sawa na nanokelvini 362. Lakini hesabu zote hizi, kuanzia Doppler hadi vilima, ni za atomu moja. Hakuna jirani ndani yake.

Atomu mbili zikitazamana

Tuongeze jirani. Atomu A inameza fotoni ya leza na kuitema kuelekea atomu B. Katika kuitema, A inarudi nyuma, mbali na B. B ikiimeza, inasukumwa mbele, mbali na A. Kila mara fotoni inapopita kati yao, wote wawili wanapigana kikumbo cha kuachana. Kwa kuwa mwanga unaotemwa husambaa pande zote, msukumo huu hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, sawasawa na chaji mbili za umeme za aina moja zinavyosukumana. Atomu za rubidiamu hazina chaji, lakini ndani ya mwanga zinajifanya kana kwamba zinayo.

Kuna kani nyingine inayovuta upande wa pili, nayo ni ya kivuli. A ikimeza fotoni za mwali unaotoka kushoto, B iliyo kulia kwake inapata mwanga pungufu kutoka kushoto huku ikipata mwanga kamili kutoka kulia. Matokeo yake B inasukumwa kumwelekea A. Dalibard aliihesabu kani hii mwaka 1988, na kwa muda ilionekana huenda kivuli pekee kingeweza kuzibana atomu zikakaa pamoja.

Basi ipi inashinda? Kivuli hutegemea jinsi atomu inavyonasa mwanga wa leza, tuite eneo la kunasa, mara mbili: A inanasa, na B inaukosa uleule ambao ingeunasa. Msukumo hutegemea A kunasa mwanga wa leza, halafu B kunasa mwanga uliotemwa. Kama mwanga uliotemwa ungekuwa nakala kamili ya leza, maeneo mawili ya kunasa yangekuwa sawa na kani hizo mbili zingefutana kabisa. Wingu lingekuwa kama halina mwanga wa ndani.

Lakini si nakala. Katika nguvu za leza zinazotumika mitegoni, yaani kwenye vifaa vya kushikia atomu tutakavyovieleza chini, mwanga unaotemwa una vilele vitatu vya masafa: kimoja kwenye masafa ya leza, kimoja chini yake, kimoja juu yake. Benjamin Mollow alitabiri umbo hilo mwaka 1969. Kumbuka leza imewekwa makusudi chini ya masafa ya atomu. Kwa hiyo kilele cha juu kinaangukia karibu na masafa yenyewe ya atomu, pale ambapo atomu inanasa kwa nguvu zote. Leza inapita kati ya atomu kwa tahadhari, huku sehemu ya mwanga wanaourushiana ikilenga katikati ya shabaha. Eneo la kunasa mwanga uliotemwa linakuwa kubwa kuliko la kunasa leza, na msukumo unashinda kivuli.

Hapo ndipo swali la kila mwanafunzi, "kwa nini tusiongeze tu nguvu ya leza?", linapopata jibu. Kuongeza nguvu hukuza vilele vya pembeni na idadi ya fotoni zinazorushwa, huku kani ya mtego isipande kwa kiwango hicho. Unanunua msukumo kwa bei ya umeme wako mwenyewe.

Wingu linalokataa kusongamana

Mtego unaotumika karibu kila maabara ni ule wa sumaku na mwanga, uliotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987: miali sita ya molasi pamoja na koili mbili zinazofanya uga sumaku uwe sifuri katikati na kukua kadiri unavyotoka nje. Uga huo huifanya atomu iliyo pembeni imeze zaidi fotoni za mwali unaoirudisha katikati. Kwa hiyo mtego ni kama springi.

Mwaka 1990 Thad Walker, David Sesko na Carl Wieman, katika taasisi ya JILA mjini Boulder, Marekani, walichapisha vipimo vya sesiamu vilivyoonyesha kilichotarajiwa na kisichotarajiwa. Atomu zikiwa chache, hadi makumi ya maelfu, ukubwa wa wingu haukubadilika. Atomu ziliongezeka humohumo, kama gesi ya kawaida. Zikizidi hapo, wingu lilianza kukua na msongamano ukasimama. Miali ikipishana kidogo badala ya kukutana uso kwa uso, atomu zilijipanga katika pete na kuzunguka. Hayo si mambo ya gesi. Ni mambo ya chaji.

Hesabu inaeleza kwa nini msongamano unasimama. Springi ya mtego inavuta ndani kwa kani inayokua sawia na umbali. Msukumo wa fotoni ndani ya mpira wenye msongamano sawa kila mahali nao hukua sawia na umbali. Zinapolingana, zinalingana kila mahali kwa pamoja, na kinachoamua ni msongamano tu, si idadi ya atomu. Ongeza atomu, wingu linapanuka kama ndoo inayojazwa maji: maji yanapanda, hayawi mazito zaidi. Idadi ikizidi mara nane, kipenyo kinazidi mara mbili.

Katika mtego wa kawaida kikomo hicho kiko kwenye atomu bilioni 10 hadi 100 kwa sentimita moja ya ujazo. Inasikika nyingi, lakini hewa unayovuta sasa hivi ina molekuli zaidi ya mara milioni 100 ya hapo.

Tazama namba za rubidiamu kwenye msongamano wa atomu bilioni 100 kwa sentimita ya ujazo. Mwanga ulio sawasawa na masafa ya atomu husafiri wastani wa milimita 0.034 tu kabla ya kunaswa, yaani nusu ya unene wa unywele, au pungufu. Mwanga ulioachana na masafa hayo kwa mara tatu ya upana wa mstari (ukanda wa masafa ambamo atomu hunasa kwa nguvu), kama megahezi 18, husafiri milimita 1.3. Katika wingu la milimita tatu, sehemu ya leza bado inapita na kutoka. Fotoni ya kilele kile cha juu inafungwa jela. Hutoka kwa mwendo wa mlevi, na idadi ya mara inazomezwa na kutemwa hukua kwa kipeo cha pili cha unene wa kimwanga wa wingu, yaani kadiri wingu linavyozuia mwanga kupita.

Kufungwa huku si jambo geni wala si la maabara pekee. Taa ya mrija iliyo darini inafanya kazi hivyohivyo. Ndani yake mvuke wa zebaki hutoa mwanga wa nanomita 254, na fotoni moja humezwa na kutemwa mara nyingi na atomu za zebaki kabla haijafika kwenye unga mweupe wa ukutani unaoigeuza kuwa nuru tunayoiona. Theodore Holstein aliandika nadharia ya kufungwa huko mwaka 1947, kabla leza haijakuwapo. Tofauti ni kwamba kwenye taa hatujali zebaki ikipigwa vikumbo.

Kwenye upozaji tunajali sana, kwa sababu fotoni iliyotemwa ndiyo inayobeba vurugu kwenda nje. Mtu anayetokwa na jasho Dar es Salaam mwezi wa Machi analijua hili kwa ngozi yake: jasho linatoka, lakini hewa imejaa unyevu, haliondoki, na mwili haupoi. Fotoni inayomezwa tena humrudishia jirani vurugu ileile tuliyolipia kuiondoa. Ndiyo maana katika mawingu mazito halijoto hupanda kadiri atomu zinavyoongezeka, takriban kwa kipeo cha theluthi cha idadi yao.

Giza kama dawa

Ikiwa shida ni mwanga wa ndani, dawa ni atomu zikae gizani zikishafika katikati. Wolfgang Ketterle, David Pritchard na wenzao wa chuo cha MIT, Marekani, walifanya hivyo kwa sodiamu mwaka 1993, kwa kifaa cha bei ya kipande cha kioo.

Kila mtego wa rubidiamu au sodiamu una leza mbili. Leza ya kupoza hufanya kazi na atomu zilizo kwenye ngazi moja ya chini. Mara mojamoja atomu huteleza na kuangukia ngazi ya pili ya chini, ambako leza hiyo haioni kitu. Kwa sodiamu ngazi hizo mbili zimeachana kwa megahezi 1,772, kwa rubidiamu-87 megahezi 6,835. Leza ya pili, ya kurejesha, kazi yake ni kuzirudisha zilizoteleza. Kundi la MIT liliweka doa jeusi katikati ya mwali wa kurejesha, na kivuli cha doa hilo kikaangukia katikati ya mtego. Atomu za pembeni zinanaswa na kupozwa kama kawaida. Zikifika katikati zinateleza, hazirudishwi, na zinakaa bila kumeza wala kutema chochote. Ikibaki sehemu ndogo tu ya atomu kwenye mwanga, karibu moja katika mia, msukumo unakufa. Walipata atomu zaidi ya bilioni 10 kwa msongamano unaokaribia trilioni moja kwa sentimita ya ujazo.

Ufundi wake una mitego. Mwanga wa kurejesha unaotawanywa na madirisha ya ombwe huingia ndani ya doa na kuliharibu, kwa hiyo picha ya doa lazima ipelekwe kwa lenzi hadi katikati ya wingu. Haitoshi kuweka karatasi nyeusi mahali popote njiani. Doa likiwa kubwa kupita kiasi, atomu zilizo ndani hazina springi ya kuzishika na zinachuruzika. Na kwa wingu dogo la maelfu machache ya atomu, doa halina faida ya maana, kwa sababu hapakuwa na jela ya kuvunja.

Wasiotaka doa hutumia mfuatano wa hatua unaotegemea wazo lilelile la kupunguza mwanga wakati wa kusongamanisha. Kwa rubidiamu-87 mfuatano wa kawaida uko hivi. Kukusanya atomu hufanywa leza ya kupoza ikiwa imeachana na masafa kwa mara 2.5 ya upana wa mstari, yaani megahezi 15 chini, na mteremko wa uga sumaku ukiwa gausi 10 (gausi ni kipimo cha uga sumaku) kwa sentimita. Wingu likijaa, kwa milisekunde 20 hadi 50 mwachano huongezwa hadi mara 6, mteremko hupandishwa hadi kama gausi 30, na leza ya kurejesha hupunguzwa hadi asilimia chache. Katika mwachano huo, eneo la kunasa limepungua mara 145 kulinganisha na lile la katikati ya mstari. Kisha uga sumaku huzimwa kabisa na molasi hufuata kwa milisekunde 5 hadi 10, mwachano ukisogezwa hadi mara 10 au 15 huku nguvu ikishushwa taratibu. Usisogee mbali sana: megahezi 267 chini ya ngazi unayoitumia kuna ngazi nyingine ya msisimko, na ukiikaribia unaanza kupasha.

Hatua hii ya mwisho huwaumiza wengi kwa sababu ya uga sumaku uliobaki. Vilima na mabonde vinaharibika uga ukizidi makumi machache ya miligausi, na uga wa dunia peke yake, hata huku karibu na ikweta ulipo dhaifu, ni kama miligausi 300. Koili tatu za kuufuta ni lazima. Vilevile mkondo ndani ya koili kubwa ukizimwa, mikondo ya kuzunguka hubaki ndani ya chuma cha chemba kwa milisekunde kadhaa. Ukianza molasi kabla haijafa, utapata halijoto ya juu na kuilaumu fotoni bure.

Kujua kama ni fotoni kweli

Kabla ya kununua vifaa, pima kipenyo cha wingu kwa idadi tofauti za atomu. Kisipobadilika, fotoni hazijafungwa, tafuta kosa kwingine. Kikikua kwa kipeo cha theluthi cha idadi, umefika kwenye kikomo tunachokizungumzia.

Wingu likijisogeza upande mmoja kadiri linavyojaa, angalia kama miali yako inarudishwa kwa kioo badala ya kugawanywa sita. Mwali unaorudi umekwisha kupita ndani ya wingu na kupoteza sehemu yake, kwa hiyo unasukuma kwa udhaifu. Mafundi huufanya urudi ukijikusanya kidogo ili kufidia. Ukiona pete au umbo la andazi lenye tundu, miali haikutani.

Usiamini idadi inayosomwa kwa kupima mng'ao wa wingu zito, kwani atomu za ndani ziko kivulini na hazing'ai sawa na za nje. Upigaji picha kwa kivuli nao hudanganya: unene wa kimwanga ukifika 4, ni asilimia 2 tu ya mwanga inayofika kwenye kamera, na kelele za kamera zinakuambia wingu ni jembamba kuliko lilivyo. Achanisha masafa ya mwali wa kupimia, au liachie wingu litanuke kwa milisekunde kadhaa kwanza.

Kuna mhalifu mwingine anayefanana na huyu. Atomu iliyosisimka na jirani iliyo chini huweza kuvutana, kugongana, na kuruka nje ya mtego. Hiyo ni hasara ya atomu, siyo uvimbe wa wingu, na huonekana ukifunga chanzo cha atomu na kutazama mng'ao: mwanzoni huporomoka haraka kuliko baadaye, kwa sababu migongano hutegemea jozi.

Umbali uliobaki

Lengo la wengi ni mgando wa Bose-Einstein, hali ambamo mawimbi ya atomu yanapandana na atomu zote kuingia katika hali moja. Kipimo chake ni atomu ngapi zinaangukia ndani ya mchemraba wenye upande sawa na urefu wa wimbi la atomu; zinatakiwa 2.6. Rubidiamu yenye maikrokelvini 20 na msongamano wa bilioni 100 ina wimbi la nanomita 42, na ndani ya mchemraba huo kuna atomu saba katika milioni. Pengo ni zaidi ya mara 350,000.

Eric Cornell na Wieman walilivuka mwezi Juni 1995 kwa kuzima leza. Walizihamishia atomu kwenye mtego wa sumaku tupu na kuziacha zenye joto zaidi zitoroke, kama uji unavyopoa kwa mvuke, hadi wakapata mgando wa atomu kama 2,000 kwenye nanokelvini 170. Njia hiyo ndiyo iliyotawala tangu hapo. Ina gharama: hutupa sehemu kubwa mno ya atomu, na huhitaji sekunde nyingi.

Kwa nini leza zisimalizie kazi zenyewe? Mbinu za kushuka chini ya kikumbo kimoja zilikuwapo tangu 1988. Zote hutegemea kuificha atomu iliyokwisha tulia: ikifika karibu na mwendo sifuri, inaingia katika hali ambayo leza haiwezi kuigusa. Lakini hali hiyo ni giza kwa leza tu. Fotoni iliyotemwa na jirani haina mwelekeo wala mpangilio wa leza, na inaipiga atomu iliyojificha kama kawaida. Kumeza mara moja na kutema mara moja kunatosha kufuta kazi ya mizunguko mingi. Kwa hiyo mbinu zilizofaulu kwa gesi nyembamba zilikwama kwa gesi nzito, hasa pale zilipohitajika.

Njia mojawapo ya kutokea ilipendekezwa mwaka 1996 na Ignacio Cirac, Maciej Lewenstein na Peter Zoller. Atomu zikibanwa katika mtego mkali unaozifanya zitikisike haraka, na fotoni zikatemwa polepole kuliko mtikisiko huo, nishati ya kila hatua hujulikana kwa usahihi wa kutosha kiasi kwamba njia za kumezwa tena zinazopasha hufutana zenyewe kwa zenyewe. Waliipa jina la Kilatini lenye maana ya kuharakisha kwa utaratibu. Kwetu haraka haraka haina baraka.

Strontiamu ilitoa njia ya pili. Ina mstari mwembamba mno wa nanomita 689, wenye upana wa kilohezi 7.5 tu, ambao kikomo chake cha Doppler, nanokelvini 179, kiko chini hata ya kikumbo chake kimoja. Mwaka 2013 Simon Stellmer, Florian Schreck na wenzao huko Innsbruck walitumia mstari huo kupoza wingu pana mfululizo, na katikati yake wakachimba shimo dogo la mwanga la kukusanyia atomu. Juu ya shimo hilo walimulika leza nyingine ya nanomita 688, ambayo haimezwi bali inaisogeza ngazi ya msisimko kwa megahezi kadhaa. Kwa mstari wa kilohezi 7.5, hiyo ni safari ndefu. Atomu za shimoni zikawa kama kioo cha dirisha: mwanga wa kupoza na fotoni zote zinazotangatanga kutoka pembeni zilipita bila kuzigusa, huku joto likitoka kwa kugongana na atomu za nje ambazo bado zilikuwa zikipozwa. Mgando ulitokea bila kutupa atomu kwa uvukizi.

Rubidiamu, yenye mstari mpana wa megahezi 6, haina anasa hiyo. Kundi la Vladan Vuletić huko MIT lilifanikisha mgando wake kwa leza mwaka 2017 kwa kuibana ndani ya mirija myembamba ya mwanga, ambamo fotoni hutokea ubavuni bila kupita foleni ya atomu, na kwa kuiweka leza inayosababisha kutema gigahezi kadhaa mbali na mstari. Walianza na atomu 2,000, na baada ya milisekunde 300 walibaki na 1,400 zilizofikia kizingiti cha mgando.

Leza ya nanomita 688 imeendelea kupata kazi. Mwaka 2022 kundi la Schreck, sasa likiwa Amsterdam, lilichapisha mgando wa strontiamu usiokatika: atomu mpya zinaingia muda wote, mwanga wa kupoza unawaka muda wote kuzunguka mgando, na zile zilizo katikati haziuoni.